Mnunuzi wa sabufa analipia nini?

Mtu wa Kiuyu, kisiwani Pemba, anayekwenda Wete kutafuta sabufa atakuta ahadi moja imechapwa kwenye maboksi mengi: sauti safi, nyimbo za simu zisikike kama za sidii. Ahadi hiyo ni kongwe. Mwaka 2005 kampuni ya Creative ya Singapore ilizinadi kadi zake za sauti za kompyuta za X-Fi kwa dai kwamba zingeifanya MP3 ishinde hata sidii. Tangu hapo dai limeshuka hadi kwenye spika za bei ya chini, na kila linaposhuka ushahidi wake unazidi kuwa haba.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sidii hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, na MP3 nyingi zilizozagaa hubeba 128, chini ya sehemu moja ya kumi. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walioshiriki kuibuni MP3, walilenga kutupa kile ambacho sikio halitarajiwi kukisikia. Kibiashara walipatia: wimbo wa taarabu wa dakika 10 unakula megabaiti 106 kwenye sidii, lakini kwa MP3 hiyo haufiki 10, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 iliyokuwa ibebe nyimbo 75 inabeba zaidi ya 800. Ila kilichotupwa hakimo tena ndani ya faili. Makonyo ya karafuu yaliyokwisha kukamuliwa mafuta kiwandani Wawi hayapati mafuta mapya kwa kupuliziwa marashi. Kitufe cha kuboresha sauti kwenye spika hizo, mara nyingi, hupandisha besi na sauti nyembamba, na pengine sauti nzima. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba muziki ukiwa chini sikio huzipoteza ncha hizo mbili. Ukipandishwa kidogo tu, msikilizaji huuona umenona. Jaribio la haki lingesawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kisha limfiche msikilizaji asijue kitufe kimewashwa au kimezimwa. Muuza duka hana sababu ya kulifanya.

Watetezi watasema programu za leo zimefunzwa kukisia kilichopotea. Ni kweli, hukisia, na mara nyingine kwa ustadi. Lakini mng'aro unaoongezwa juu ya fidla si ule aliopiga mpiga fidla. Umetungwa na mashine. Kuzisafisha santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, ni kazi nyingine kabisa: mikwaruzo imo ndani ya rekodi, inasikika, inaweza kupunguzwa. Wengine watasema mteja ameridhika, basi. Aridhike, lakini simu yake huenda tayari ina sehemu ya kupandisha besi bila malipo.

Udhaifu mkubwa uko kwa muuza duka anayewawekea wateja nyimbo kwenye kadi. Wimbo huchotwa YouTube, hugeuzwa MP3 ya kilobiti 320 na kuuzwa kama bora, kumbe faili limenenepa tu na limekatwa kwa mara nyingine. Kadi ya gigabaiti 32 hivi sasa inaweza kubeba nyimbo ndefu 300 kwa ubora kamili wa sidii, kwa hiyo ile sababu ya kubana haina tena nguvu iliyokuwa nayo. Duka litakalopata rekodi asilia kwa ridhaa ya vikundi vya muziki vyenyewe litakuwa na kitu cha kutoza bei. Na mwenye sabufa, fedha ya kitufe ingemfaa zaidi kwenye koni nzuri na boksi la mbao lisilotetema.