Moshi wa steji ni maradhi: Kaunti ipime ekzosi kabla ya kupokea ada

Mwanamume wa miaka 38 alikuja katika kliniki yangu mjini Thika akilalamika kuhusu kikohozi kilichomsumbua kwa miezi mitatu. Alikuwa akitoa makohozi ya kijivu na kuhema akipanda ngazi. Tulimpima kifua kikuu, hakuwa nacho. Nilipomuuliza kuhusu sigara alitikisa kichwa.

"Daktari, sijawahi kuvuta hata moja," akasema.

Kazi yake ni makanga. Huingia steji ya Ruiru saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa mbili usiku. Muda huo wote yuko nyuma ya magari yanayonguruma yakingoja abiria. Hajawahi kununua sigara, lakini moshi anauvuta saa 15 kwa siku.

Huenda wewe, msomaji, si makanga. Lakini iwapo unapanga foleni hapo kila asubuhi, unauza ndizi kando ya barabara au mtoto wako anasoma shule iliyo karibu na barabara kuu, basi moshi huo ni wako pia.

Moshi una nini?

Moshi wa dizeli umejaa masizi, yaani chembechembe ndogo mno. Zile zinazotutia hofu zaidi hazifiki sehemu moja kwa 30 ya unene wa unywele. Pua haiwezi kuzizuia. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo sababu moshi hauleti kikohozi na pumu pekee, bali huchangia pia maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka wa 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Teksi zinazotumia petroli nazo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kuumwa na kichwa na kizunguzungu katika gari lenye ekzosi iliyotoboka ni dalili ambayo haifai kupuuzwa.

Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa hupumua haraka na mapafu yao bado yanakua. Wengine ni wajawazito, wazee na wenye pumu.

Sheria ipo

Watu wengi hudhani hakuna sheria. Ipo. Sheria za trafiki zinakataza gari kutoa moshi unaoweza kuepukika. Mwaka wa 2006 zilitolewa kanuni za kitaifa za kudhibiti moshi wa mafuta, na mwaka wa 2014 zikafuata kanuni za ubora wa hewa. Magari ya abiria hutakiwa kukaguliwa kila mwaka.

Halafu ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Mabaraza ya miji ya Thika na Ruiru yalipoondoka mwaka wa 2013, jukumu hilo liliangukia Kaunti ya Kiambu.

Kasoro ni kwamba ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hautoshi. Gari linaweza kupita leo, na baada ya miezi mitatu nozeli za dizeli zimechakaa, filta ya hewa imeziba na moshi mweusi umerudi. Lakini kaunti hukutana na gari hilo hilo mara nyingi zaidi, kwa sababu huchukua ada ya steji.

Basi hapo ndipo pa kupimia. Kifaa cha kupima moshi huingizwa kwenye ekzosi, dereva akakanyaga mafuta gia ikiwa huru, na matokeo yakapatikana kwa dakika chache. Gari lisilopita lisinyang'anywe riziki siku hiyo. Lipewe siku 14 za kutengenezwa, kisha lipimwe tena kabla ya kupewa stika.

Wenye magari watasema hii ni njia nyingine ya kitu kidogo. Hofu yao ina msingi. Kwa hivyo kipimo kifanywe mchana mbele ya watu, kifaa kichape matokeo, na karatasi ibandikwe kwenye kioo cha gari ambapo abiria ataisoma. Tena, moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua vyema. Mwenye gari aliilipia ikapotelea hewani.

Tumewahi kushinda vita kama hivi. Petroli yenye risasi, inayodhuru ubongo wa watoto, iliondolewa kufikia mwaka wa 2006. Mwaka wa 2015 Kenya ilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Na hapa hapa Thika, katika kiwanda cha KVM, mabasi ya umeme yameunganishwa. Itakuwa aibu mji unaounda magari yasiyo na moshi ukiendelea kuumwa kwa sababu ya moshi.

Jikinge vipi?

Kwa sasa, usisimame nyuma ya gari linalonguruma. Rudi nyuma hatua kadhaa, kwani moshi hupungua kadiri unavyosogea mbali na barabara. Gari likisimama katika msongamano nyuma ya lori, funga dirisha. Barakoa ya kitambaa haizuii chembechembe hizo ndogo. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani, wala asiikatize akijisikia nafuu.

Mwone daktari iwapo kikohozi kimepita wiki mbili. Mtoto akihema huku mbavu zikiingia ndani, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, mkimbize hospitalini mara moja.

Yule makanga nilimpa dawa ya kuvuta, na kikohozi kimepungua. Lakini kesho alfajiri atarudi steji, nyuma ya ekzosi zile zile. Dawa nyingine haimo katika kabati langu. Imo katika ofisi za kaunti, na diwani wako wa wadi ndiye wa kuulizwa itatolewa lini.