Mgomo wa Chuo cha Fisk, 1925: Wanafunzi walitaka nini?

Habari za mgomo wa wanafunzi hutufikia kwa ufupi: wanafunzi wamegoma, polisi wameitwa, chuo kimefungwa. Sababu hasa mara nyingi hazisemwi. Leo tunaeleza mgomo mmoja wa mwaka 1925 katika Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, kusini mwa Marekani. Walimu, wazazi na wanafunzi wana la kujifunza humo.

Fisk ni chuo gani?

Kilianzishwa mwaka 1866, mara baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, ili kuwasomesha Weusi waliokuwa wamepata uhuru. Miaka mitano baadaye chuo kilikaribia kufilisika. Mwaka 1871 kwaya ya wanafunzi, Jubilee Singers, ilifunga safari kwenda kuimba ili kutafuta fedha. Walizunguka Marekani, kisha wakavuka bahari hadi Ulaya. Fedha walizoleta zilijenga Jubilee Hall, jengo ambalo bado limesimama. Kwa hiyo wanafunzi wa Fisk walijua kwamba chuo kile kilijengwa pia kwa jasho la wenzao waliotangulia.

Malalamiko yalianzaje?

Mwaka 1915 chuo kilipata mkuu mpya, Fayette McKenzie, mzungu. Alijitahidi kuinua kiwango cha masomo na kutafuta fedha, na kufikia mwaka 1924 alikuwa amepata ahadi za dola milioni moja, nyingi kutoka mashirika ya matajiri wazungu. Lakini ili kuwaridhisha wafadhili na wazungu wa Nashville, aliwabana sana wanafunzi.

Wasichana walipangiwa mavazi hadi aina ya soksi. Mvulana na msichana hawakuruhusiwa kutembea pamoja bila ruhusa. Saa nne usiku taa zilizimwa. Kubwa zaidi, baraza la wanafunzi lilivunjwa na gazeti lao, Fisk Herald, likafungwa. Mwenye lalamiko akabaki hana pa kulipeleka.

Nani aliwasemea?

Juni 1924 msomi mashuhuri W. E. B. Du Bois alialikwa kuzungumza chuoni. Alihitimu hapo mwaka 1888, naye enzi zake aliwahi kuwa mhariri wa Fisk Herald. Mkuu wa chuo akiwapo, Du Bois alisema waziwazi kwamba chuo kinawanyima vijana uhuru na kuwafundisha kunyenyekea. Wahitimu wengi walimuunga mkono.

Novemba mwaka huo wajumbe wa bodi walipofika chuoni, wanafunzi waliandamana na kutoa madai yao: baraza, gazeti, na kulegezwa kwa sheria za mavazi na maisha ya bwenini. Waliahidiwa mabadiliko, lakini hadi Februari waliona makubwa yamebaki vilevile.

Usiku wa Februari 4

Usiku huo wa mwaka 1925, baada ya muda wa kulala, wavulana zaidi ya mia moja walitoka nje wakiimba na kupiga kelele. Baadhi yao walivunja madirisha. Mkuu wa chuo akawaita polisi wa mji, wote wazungu, wakaingia mabwenini na kuwakamata baadhi ya wanafunzi.

Kwa nini kuitwa polisi kuliumiza kuliko yote? Desemba iliyotangulia, kundi la wazungu lilimtoa kijana Mweusi wa miaka 15 katika hospitali ya Nashville na kwenda kumuua. Kwa mzazi Mweusi, kuwaita wazungu wenye silaha usiku kwenye bweni la watoto wake lilikuwa jambo la kutisha. Weusi wa mji walifanya mkutano mkubwa kulaani kitendo hicho. Wanafunzi wengi walisusia masomo, na wengine wakafunga mizigo wakarudi makwao.

Mwisho wake

Mgomo ulidumu wiki kadhaa. Aprili 1925 McKenzie alijiuzulu. Mkuu aliyemfuata, Thomas Elsa Jones, naye mzungu, aliruhusu baraza la wanafunzi na gazeti, na akalegeza sheria za mavazi. Mkuu wa kwanza Mweusi, Charles S. Johnson, alichaguliwa mwaka 1946.

Madirisha yaliyovunjwa hatuyatetei, na wapo wanafunzi waliopoteza muda wao wa masomo kwa mgomo ule. Lakini tukumbuke mpangilio wa matukio: kwanza lilifungwa gazeti, likavunjwa baraza, madai yakakawia kujibiwa, ndipo ukaja usiku ule wa Februari. Wewe mzazi au mjumbe wa kamati ya shule, uliza mapema: hapa kwetu mwanafunzi mwenye lalamiko analipeleka kwa nani, na nani humjibu?