Aliyebeba Barua ya Kifo Chake



Je, Mkristo anaruhusiwa kusoma riwaya za mauaji, hasa zile ambazo chanzo cha maiti ni mke wa mtu au mume wa mtu? Vijana huniuliza hivyo mara kwa mara hapa Ilongero, na jibu langu ni fupi: asome. Wengi wa rika langu tulikua na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960. Naye Mwingereza G. K. Chesterton, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922, mpelelezi wake ni padre kabisa. Padre Brown huwatambua wahalifu kwa sababu amekaa miaka mingi akisikiliza maungamo. (Sisi wengine, nawahakikishia, kiti hicho hakijatufanya wapelelezi.)

Lakini hadithi kali kuliko zote za aina hii tunayo nyumbani, na wengi hatujaisoma yote. Ni sura ya 11 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Dominika ya 11 ya Mwaka C husomwa sehemu ya sura ya 12 tu: Nabii Nathani anamkemea Daudi, Daudi anakiri. Mauaji yenyewe husomwa siku ya kazi, wengi wetu tukiwa kwenye mashamba ya alizeti. Tumekuwa kama mtu anayefungua riwaya ukurasa wa mwisho. Muuaji anamjua, ila hajui alifikaje huko.

Daudi hakuanza na nia ya kuua. Alitaka kuficha tu. Bathsheba alipotuma habari kwamba ana mimba, mfalme alimwita mumewe, Uria, kutoka vitani. Akamwuliza habari za vita kana kwamba hiyo ndiyo shida yake, kisha akamwambia aende nyumbani. Alitaka mtu huyo alale kwake usiku mmoja, mimba ipate baba. Uria akalala mlangoni mwa mfalme pamoja na watumishi. Wenzake wako kambini, yeye ataendaje kustarehe na mkewe? Kesho yake Daudi akamlewesha. Bado hakwenda. Uria mlevi alikuwa na heshima kuliko mfalme mwenye akili zake timamu.

Ndipo ikaandikwa barua kwa Yoabu, mkuu wa jeshi: Uria awekwe mbele mapigano yanapokuwa makali, kisha wenzake warudi nyuma. Aliyeibeba barua hiyo ni Uria mwenyewe.

Sisi wa Singida tunapaswa kuielewa hadithi hii upesi. Mwaka 1946 na 1947 watu wengi waliuawa katika nchi yetu hii, miili yao ikiwa na majeraha kama ya makucha. Ilisemwa ni simba. Baadaye ikajulikana kuwa ndani ya ngozi za simba walikuwamo binadamu, na baadhi yao walinyongwa. Daudi naye alikuwa na ngozi yake: vita. Waamoni ndio waliorusha mishale. Alipoletewa taarifa, alijibu kwa utulivu kwamba upanga hauchagui. Nani angemshuku?

Mhubiri akiisimulia habari hii, mara nyingi huruka jambo moja. Uria hakufa peke yake. Askari wengine walianguka naye siku hiyo, watu wasiojua lolote kuhusu Bathsheba, na majina yao hatunayo. Wake zao walilia bila kujua wanamlilia nani hasa. Na Yoabu akabaki na siri ya mfalme mkononi. Mtu anayeijua siri yako ya namna hiyo si mtumishi wako tena.

Kwetu anayeficha hatumi jeshi. Anamwomba rafiki aseme walikuwa wote. Anamfundisha mtoto wa darasa la tatu kujibu kwamba baba yuko mnadani. Mtoto huyo naye amebebeshwa barua asiyoweza kuisoma. Mpendwa msomaji, kama una simu ya pili ambayo mwenzako haijui, uko bado mahali ambapo Daudi angeweza kusimama.

Nathani hakutafuta alama za vidole. Alisimulia kisa cha tajiri aliyenyang'anya kondoo mmoja wa maskini, Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu ya kifo kabla ya kujua mshtakiwa ni nani. Riwaya nzuri nayo hutufanyia hivyo hivyo, tukiwa tumejilaza kwenye kochi.

Daudi alikiri, akasamehewa. Uria hakurudi. Lakini sura ya 23 ya kitabu hicho hicho inaorodhesha mashujaa wa Daudi, jumla yao 37, na jina la mwisho kabisa ni la Uria Mhiti. Naye Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumtaja Bathsheba kwa jina. Alimwita mke wa Uria.