Maji, Amanji, Amanche: Asili ya Neno Moja katika Lugha za Mara

Makala haya yanachunguza neno litajalo maji katika baadhi ya lugha za Kibantu za Mkoa wa Mara na jirani zake. Tumesukumwa na dai tunalolisikia mara kwa mara, hata kutoka kwa wanafunzi wa shahada ya pili, kwamba neno hilo limetwaliwa kutoka Kiswahili na kuharibiwa matamshi. Likikubaliwa, dai hili litazigeuza lugha hizo kuwa vivuli vya Kiswahili, na ushahidi wake wa kihistoria utakosa wa kuukusanya.

Tuanze mbali kidogo. Neno "wiski" lilitufikia kwa njia ya Kiingereza, lakini asili yake ni Kigaeli, ambamo kinywaji hicho huitwa "maji ya uhai". Katika Kiairishi, lugha ndugu, maji ni "uisce". Kwa sikio, "uisce" halifanani na "water" la Kiingereza, wala "voda" la Kirusi, wala "watar" la Kihiti, neno lililomsaidia Bedřich Hrozný mwaka 1915 kuonyesha kuwa Kihiti ni lugha ya jamii ya Kihindi-Kiulaya. Hata hivyo yote manne yana mzizi mmoja. Kiairishi kiliongeza kiambishi tamati, na sauti zikamomonyoka. Kinyume chake, Kiwelshi, ambacho ni lugha ya Kikelti kama Kiairishi, husema "dŵr", neno la mzizi mwingine kabisa. Mzizi huo haukutoweka katika Kiairishi: umo katika "dobharchú", yaani fisi maji, ambaye kwao ni "mbwa wa maji". Kwa hiyo, katika isimu linganishi, kinachothibitisha undugu ni ulinganifu wa sauti unaojirudia kwa kanuni, si mfanano wa juujuu.

Sasa turejee nyumbani. Msafiri atokaye Musoma, akapitia Butiama hadi Bunda, huvuka mipaka kadhaa ya lugha kabla ya adhuhuri. Kijita, chenye irabu tano kama Kiswahili, husema "amanji". Kikuria, upande wa kaskazini, husema "amanche". Na Kigusii, ndugu yake aliye Kenya, "amache". Kijaluo, ambacho si cha Kibantu, kina "pi", sawa na "pii" la Kiacholi: karne za ujirani hazikukifanya kiazime neno hili.

Tazama irabu ya mwisho. Kibantu-Mame hukisiwa kuwa na irabu saba, zikiwamo i mbili: ya juu kabisa, na nyingine iliyo chini yake kidogo. Kiswahili kiliziunganisha zote mbili kuwa i moja. Kikuria na Kigusii havikuziunganisha. I ya pili imekuwa e. Ndiyo maana "mti" kwa Kigusii ni "omote", na "kulima" ni "korema". Lakini palipokuwa na i ya juu kabisa, i imebaki: "kumi" ni "ikomi", na "kuiba" ni "koiba". Mzizi wa neno letu hukisiwa kuwa *-jíjɪ, ambao irabu yake ya mwisho ni ile i ya pili. Basi "amache" na "amanche" ndiyo maumbo hasa yanayotarajiwa. Kama Wakuria wangaliliazima "maji" kutoka pwani, wasingalikuwa na sababu ya kugeuza i kuwa e, kwani lugha yao inayo i. Kwa maneno mengine, hapa "lugha iliyoharibika", kama tukilazimishwa kulitumia neno hilo, ni Kiswahili.

Nazali nayo inatoa ushahidi. "Maji" halina n, ilhali "amanji" na "amanche" zinayo, kama ilivyo katika "minzi" la Kisukuma na "amanzi" la Kizulu. Haiwezekani kuazima sauti isiyokuwamo katika neno lililoazimwa. Kigusii hakina n hapa, ingawa kinaruhusu mfuatano nch, kama katika "enchara", njaa. Hivyo hatuwezi kusema kwamba n ilidondoshwa kwa kanuni ya jumla ya lugha hiyo. Aidha, Kiamu, lahaja ya Kiswahili chenyewe, husema "mai", umbo linalokaribia "maaĩ" la Kikikuyu kuliko "maji" la Kiunguja. Wala hakuna anayedai kuwa Waamu walilipata kwa Wakikuyu.

Tatizo kubwa liko katika ukusanyaji wa data. Mtafiti aendaye Butiama kuandika Kizanaki, au Bunda kuandika Kiikizu, lugha zenye irabu saba, mara nyingi hutumia herufi tano za Kiswahili. Sikio lake lililozoea "maji" humwelekeza kuandika i palipo na e, na hivyo kuifuta tofauti ileile iliyomleta. Tungeshauri kila orodha ya msamiati ianze na jozi kama "mti" na "kumi", zisikilizwe kwa wazee kabla ya vijana wa mjini Musoma, na irabu zote saba ziandikwe kwa alama zake ndipo neno la maji liulizwe.