Mwenyekiti wa Mtaa: Maneno ya Kijiweni na Ukweli Wenyewe

Kibaka akikamatwa saa nane za usiku na vijana wameshaokota mawe, hakuna anayempigia simu mbunge. Mtu hukimbia kwa mwenyekiti. Mpangaji aliyetolewa vyombo nje huenda huko huko, na mke aliyepigwa, na familia iliyofiwa isiyojua ianzie wapi. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na kila kimoja kina mwenyekiti aliyepigiwa kura na majirani zake. Zanzibar mambo ni tofauti: sheha huteuliwa, hachaguliwi.

Pamoja na ukaribu huo, hakuna kiongozi anayezungumziwa kwa makosa kama huyu. Uongo unaosemwa juu yake una hasara mbili. Mwenyekiti mwadilifu anatuhumiwa kwa fedha ambazo hakuziona, na mwenyekiti mlafi anachukua visivyo vyake kwa sababu wananchi wanaamini ni haki yake. Kwa hiyo nimeyachukua maneno yanayosemwa sana vijiweni, kwenye foleni za ofisi na misibani, nikayapima moja moja.

“Yule anakula mshahara wa serikali.”

Si kweli. Anayelipwa mshahara ni mtendaji: Afisa Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri, huletwa kwa barua na huhamishwa kwa barua. Mwenyekiti ni wa kura, na miaka yake ni mitano. Anachoweza kupata ni posho kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, na hapo ndipo kilio kilipo. Halmashauri yenye viwanda na stendi kubwa inaweza kutoa kitu. Ile inayotegemea ushuru wa mazao, mvua zikigoma na posho nayo inagoma. Wabunge wamelisemea jambo hili bungeni mara nyingi, awamu baada ya awamu, na bado mwenyekiti wa kitongoji anaweza kumaliza muhula wake akiwa amepokea sahani za wali wa mikutanoni na asante za watu, basi.

Kanuni za uchaguzi wenyewe zinalitambua hilo. Mgombea anatakiwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika, awe mkazi wa eneo hilo, na awe na shughuli halali ya kumwezesha kuishi. Sharti hilo la mwisho lisomwe kwa makini. Serikali inamwambia mtu mapema kwamba chakula chake atakitafuta mwenyewe. Ndiyo maana utamkuta mwenyekiti nyuma ya meza ya duka lake la vifaa vya ujenzi, au shambani akipalilia, muhuri ukiwa kwenye mfuko wa shati. Kwa maana kamili ya neno, huyu ni mtu wa kujitolea aliyepewa dhamana ya kiserikali, na nadhani tunamdhulumu tunapomhesabu pamoja na wenye magari ya namba za serikali.

“Barua ya utambulisho ina bei yake.”

Barua hii inatakiwa kila mahali. Benki inaitaka, maombi ya kitambulisho cha taifa na ya pasipoti yanaitaka, mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu anapita hapo, na mahakamani mdhamini hapokelewi bila barua ya serikali ya mtaa wake. Kwa sababu inahitajika hivyo, kuna mahali imegeuzwa biashara.

Hakuna sheria inayompa mwenyekiti ruhusa ya kuiuza na kutia fedha mfukoni. Mchango au ada yoyote halali inaingia kwenye mapato ya umma, na mapato ya umma yana risiti. Swali la kuuliza ni moja, tena kwa heshima zote: “Mwenyekiti, risiti naipata wapi?” Kama ipo, lipa. Kama haipo, unachotoa ni zawadi au hongo, na tofauti ya vitu hivyo viwili unaijua mwenyewe.

Niseme upande wa pili pia, kwa sababu hausemwi. Karatasi, wino wa muhuri, vocha ya kumpigia mtendaji, mara nyingi vinatoka mfukoni kwa mwenyekiti. Halmashauri inayomwacha ajigharimie shajala inamtengenezea kishawishi, kisha inamlaumu akianguka.

“Kiwanja kikiuzwa, asilimia kumi ni yake.”

Huu ndio uongo mkubwa kuliko wote, na umewaliza wengi. Umeshika kiasi kwamba wauzaji na wanunuzi wanapangiana kabisa ni nani atakayetoa “ile ya mwenyekiti”.

Tazama mauziano yanavyokwenda kwenye makazi yasiyopimwa ya mjini. Muuzaji anakuja na ndugu zake, mnunuzi na wake. Wanakwenda kuonyeshana mipaka: mnazi huu, msingi wa jirani, njia ya miguu. Majirani wa pande zote nne wanaitwa, wanakubali au wanabisha. Kisha wote wanarudi ofisini, mkataba unasomwa kwa sauti, wanatia sahihi, asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na mwenyekiti anagonga muhuri. Kazi aliyofanya hapo ni ya ushahidi. Amesema: watu hawa nawajua, na eneo hili nalijua. Ushahidi huo una thamani kubwa, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka kwamba kiwanja hicho kina mjane na watoto waliobaki Kigoma ambao hawakuulizwa. Ila ardhi si yake, na sheria haimpi fungu katika bei yake.

Muhuri wake pia hauthibitishi kwamba kiwanja hakina mgogoro. Kama kimepimwa, taarifa zake ziko ofisi ya ardhi, na huko ndiko kwa kwenda kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Watu wamenunua eneo la shule, bonde la mto na hifadhi ya barabara wakiwa na karatasi zenye mihuri mitatu. Siku tingatinga linapofika, mwenyekiti aliyegonga huenda ameshamaliza muda wake.

Vijijini sheria ni nyingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini anavyosimamia mali ya watu wengine. Halmashauri hiyo ina wajumbe kati ya 15 na 25, na haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti anayesimama na mwekezaji chini ya mwembe na kumwonyesha ekari 200 kwa mkono, peke yake, hana alichompa. Na mwekezaji aliyelipa hapo hana alichonunua.

“Anzia kwa mjumbe wa nyumba kumi, ndiye serikali ya kwanza.”

Mazoea ni kweli, msingi wake si kweli. Wajumbe hao, au mabalozi wa nyumba kumi, walianzishwa na TANU miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilikuwa vinakaribia kuwa kitu kimoja. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa chini yake kufanyika mwaka 1994, balozi alibaki kuwa kiongozi wa CCM, chama kilichorithi TANU, katika shina lake. Katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam bado utaambiwa ulete barua ya mjumbe kwanza ndipo mwenyekiti akuandikie yake. Sababu inaeleweka: mtaa una maelfu ya watu na mwenyekiti hawezi kuwajua wote kwa sura, mjumbe anajua nani analala wapi. Lakini mwananchi wa chama kingine, au asiye na chama, hapaswi kunyimwa huduma ya umma kwa kukosa karatasi ya chama. Majirani wawili wanaomjua wangetosha kumtambulisha.

Wasomaji wa Kenya wasichanganye na Nyumba Kumi yao, iliyoanza mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate kwa ajili ya usalama wa mtaani. Jina limefanana, shughuli ni nyingine.

“Ukimjibu vibaya atakuweka ndani.”

Hana uwezo huo. Mamlaka ya kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48 yako kwa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, nayo yamewekewa masharti. Mwenyekiti anaweza kuita polisi, anaweza kusuluhisha, anaweza kuwasimamia walinzi shirikishi wa usiku. Faini za papo kwa papo na viboko vya ofisini havimo katika kazi zake.

Ugomvi wa ardhi nao hauamui yeye. Kijiji kina baraza la ardhi la watu saba, watatu wao wanawake, na kazi yake ni usuluhishi. Baraza la kata lilikuwa na uwezo wa kuamua kesi za ardhi hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipouondoa. Sasa nalo linasuluhisha, na pande mbili zikishindwa kuelewana zinakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

“Ndiye anayechagua nani aingizwe TASAF.”

Kwa utaratibu wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaoendesha mpango wa kunusuru kaya maskini, majina hutajwa na watu mkutanoni, hadharani, kisha taarifa za kila kaya hukusanywa na kupimwa tena na wenye mpango. Kwa hiyo si kweli. Ila tusijidanganye: mkutano ukiwa na watu 20, nao ni majirani na mashemeji, orodha itakuwa yao. Mwenyekiti anayeaminika anajulikana hapa kuliko mahali pengine popote, kwa namna anavyoutangaza mkutano. Yule anayepita na kipaza sauti siku mbili kabla, anayepanga saa ambayo wauza mboga wamesharudi kutoka sokoni, anayemsubiri bibi mwenye fimbo afike ndipo majina yaanze kutajwa, huyo hata jirani aliyekosa fedha hamtilii shaka.

“Kadi yangu ya mpiga kura inatosha kumchagua.”

Haitoshi, tena wala haihitajiki. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, chini ya wizara yenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), na una orodha yake ya wapiga kura inayoandikwa upya katika makazi. Mwaka 2024 orodha hiyo iliandikwa mwezi Oktoba, kura zikapigwa tarehe 27 Novemba. Wengi hugundua siku ya kura, kadi mkononi, kwamba jina lao halimo.

“Mtu mwema hahitaji chama.”

Wema hauhitaji, ila fomu inahitaji. Mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu mwaka 2013, katika shauri ambalo Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa mmoja wa walalamikaji, kwamba kuzuia mgombea binafsi kunakiuka haki. Zuio bado lipo. Naliona kuwa hasara kubwa zaidi ngazi hii kuliko kwenye ubunge, kwa sababu hapa watu wanachagua tabia ya mtu wanayemwona kila asubuhi. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na maeneo mengi yakapata wenyeviti bila kupiga kura. Wengine kati yao walifanya kazi nzuri. Lakini kiongozi asiyewahi kushindanishwa anaanza kazi bila kujua majirani wangapi wanamwamini.

“Ni kazi ya wazee wa kiume.”

Takwimu zinaifanya ionekane hivyo: baada ya uchaguzi wa 2019, wanawake walikuwa takriban 2 tu katika kila wenyeviti 100 wa vijiji, na mijini kiasi cha 12 katika 100. Hakuna kifungu kinachowazuia. Kinachowazuia ni mikutano ya usiku, matusi ya kampeni na fedha za uteuzi. Angalia nani anaweka hesabu za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mtaani kwako, nani anaratibu msiba hadi rambirambi zinasomwa bila shilingi kupotea, nani mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza chanjo za watoto. Kazi ya uenyekiti wanaifanya tayari, bila muhuri.

“Ukishamchagua, mpaka miaka mitano iishe.”

Si kweli. Mkutano mkuu wa kijiji una nguvu ya kumwondoa mwenyekiti wake, na kutoitisha mikutano ni miongoni mwa makosa yanayomgharimu mtu kiti. Kijijini mkutano mkuu unatakiwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Una haki ya kuinuka na kuuliza mifuko ya saruji ya darasa ilikuwa mingapi na iliyobaki iko stoo ya nani. Mwenyekiti aliyejiandaa atafungua daftari na kukusomea. Asiyejiandaa, mwombe mtendaji aandike swali lako kwenye muhtasari, kwa sababu muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa kwanza katika kikao kinachofuata.