Gari Moja la Wagonjwa na la Maiti

Sisi tuliozoea kuona mgonjwa akichukuliwa na kitanda chake mabegani mwa watu, twadhani kwamba nchi tajiri hazikuijua taabu hiyo. Sivyo, wasomaji wapenzi.

Katika kaunti za mashambani za Marekani, yaani wilaya zao, hata miaka ya 1960 mtu akiumia shambani au barabarani, mara nyingi aliyeitwa ni mwenye kazi ya mazishi. Sababu ni nyepesi: gari lake la kuchukulia maiti ndilo lililokuwa refu hata mtu aweze kulala ndani. Basi jana lilimpeleka mzee makaburini, leo lampeleka kijana hospitali. Tusiwacheke watu hao, maana waliitika hata usiku wa manane. Lakini wengi hawakufundishwa hata kuzuia damu.

Mwaka 1966 wataalamu wa taifa waliandika kwamba karibu nusu ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa mazishi wapatao 12,000. Mwaka ule ule ikatoka sheria ya usalama wa barabara, na kanuni zikafuata. Wenye mazishi walipoona gharama zazidi, wengi wakaiacha kazi. Ndipo wakulima, walimu na wachuuzi wakaenda kujifunza uuguzi wa njiani, wakaendesha magari bila mshahara.

Hata leo majimbo mengi hayazilazimishi kaunti kuwa na gari la wagonjwa. Wale wa kujitolea wanazeeka, na warithi wao ni wachache.