Magoti Yanayouma: Tusiyasingizie Baridi

Ukitaka kujua ni wangapi parokiani wanaougua magoti, tazama Misa ya Jumapili wakati wa kupiga magoti. Wazee wengi hushika benchi la mbele kwanza, ndipo washuke polepole. Wengine hubaki wameketi, na wasione aibu, maana mgonjwa halazimiki kupiga magoti. Nyumbani bibi huyohuyo huamka miguu imekakamaa, huinuka kwa shida kutoka kwenye kigoda cha jikoni, na akishuka mteremko goti humchoma kama sindano.

Wengi wetu maumivu hayo huyaita baridi yabisi, tukidhani yameletwa na baridi. Kweli, siku za baridi maumivu huweza kuzidi, lakini siyo baridi iliyoharibu goti. Wengine husema wamekanyaga kitu kibaya njiani, na fedha ya matibabu huishia kwa mpiga ramli.

Kuna nini ndani ya goti?

Ncha za mifupa inapokutana zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza unachokiona hata kwenye mfupa wa kuku. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichakaa haliponi kama kidonda cha ngozi. Huchakaa kwa umri, kwa uzito mkubwa wa mwili, kwa goti lililowahi kuumia, na kwa kazi za miaka mingi za kuchuchumaa na kubeba mizigo. Maumivu yake huzidi ukifanya kazi na hupungua ukipumzika. Asubuhi mguu hukakamaa, lakini kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kupita.

Wengi wakishaumwa huamua kuketi tu, na watoto wao kwa upendo huwakataza hata kufagia. Hilo huzidisha ugonjwa. Goti hushikiliwa na msuli wa paja, na msuli usiotumika hulegea, kisha mzigo wote huangukia kwenye kiungo. Mgonjwa aendelee kutembea kadiri awezavyo. Pia aketi kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, aushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mwenye uzito mkubwa ajitahidi kuupunguza: kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo zipatazo nne katika kila hatua. Fimbo nayo ishikwe mkono wa upande wa pili. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Wengi hukosea hapo. Kigoda kiinuliwe, na seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo.

Tahadhari na dawa

Parasetamoli huwapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Dawa ya kupaka ya diklofenaki huwafaa wengi wenye magoti. Vidonge vya diklofenaki ni jambo jingine. Siku hizi vinanunuliwa dukani kama karanga, na wapo wanaovimeza kila siku kwa miezi. Huweza kuleta vidonda vya tumbo na kutapika damu, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Mtu asivitumie mfululizo bila kupimwa. Na zile dawa za unga zisizo na jina, zinazoondoa maumivu yote kwa siku moja, mziogope: katika nchi mbalimbali nyingine zimekutwa zimechanganywa na dawa kali kwa siri.

Si kila kiungo kinachouma kimechakaa. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa zaidi ya saa moja kila asubuhi, hasa kwa mwanamke, ni ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Una dawa zake hospitalini, na ukicheleweshwa vidole hupinda. Kidole gumba cha mguu kikiwaka ghafla usiku, huenda ni jongo. Homa ya chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na kupewa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, huweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi.

Kiungo kikivimba, kikawa cha moto na mtu akawa na homa, afike hospitali siku hiyohiyo, kwani usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Kwa mtoto tuwe macho zaidi. Akiumwa koo, na baada ya wiki mbili au tatu akaanza kuumwa goti, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, ugonjwa huo huweza kuharibu moyo. Apelekwe kituo cha afya hata kama maumivu yameshatoweka na ameanza kucheza.